Uzuri Ulio Mlangoni

Wazee husema: Penye miti hapana wajenzi. Maneno hayo hunenwa juu ya mtu aliye na mali karibu naye, asijue kuitumia. Lakini yafaa vilevile kunenwa juu ya macho. Kwani wako watu waliozaliwa kando ya ziwa Tanganyika, wakachota maji yake kila siku, wakaoga humo, wakala samaki wake, na hata hivyo hawajalitazama hata mara moja. Wameliona, ndiyo; lakini kuona si kutazama. Mbuzi naye huliona ziwa anaposhuka kunywa.

Basi lazuka swali, nalo si dogo kama linavyodhaniwa. Je, ni jambo jema mtu kutua mzigo wake kidogo, akafurahia vitu alivyoviumba Mungu karibu na nyumba yake? Ama ni uvivu tu, mchezo wa watoto na wa watu walioshiba? Tena, mtu asiyeijua furaha hiyo, je, amepungukiwa na kitu?

Juu ya swali hilo watu husema maneno matatu. Wa kwanza husema: «Ni kupoteza wakati. Shamba halilimwi kwa macho.» Wa pili husema: «Ni hatari kwa roho. Mkatekumeni afundishwa kuutafuta mbingu. Mbona arudi kuvitumbulia macho vitu vya dunia?» Wa tatu husema: «Uzuri hautiwi chunguni. Mwenye njaa atazame nini?» Maneno hayo matatu hayafai kudharauliwa, kwa kuwa kila moja lina ukweli ndani yake. Kabla ya kuyajibu, na usikilizwe mfano.

Kijana mmoja wa kijiji cha pwani, chini ya milima ya Marungu, alikaa miaka miwili Lubumbashi kwa mjomba wake. Kazi ilipokosekana akarudi kwao. Tangu siku aliyorudi, kila kitu kilimchukiza. Aliona nyumba ni ndogo, njia ni mbaya, usiku ni giza tupu. Alipojiandikisha katika mafundisho ya ubatizo aliketi nyuma kabisa, karibu na dirisha, akitega sikio kama lori la kwenda Kalemie linakuja. Wenzake walipomsifia mahali fulani pa kijiji, aliwajibu: «Hapa ni shimo. Hakuna cha kutazama.»

Babu yake, mvuvi wa zamani, alikuwa amepofuka. Macho yake yalikuwa yameharibika pole pole, na mganga wa hospitali alikuwa amesema kwamba hayatarudi. Kijana akapewa kazi ya kumwongoza mzee kila alfajiri mpaka pwani. Kwani mzee alizoea kwenda huko tangu ujana wake, wala hakutaka kuacha.

Asubuhi ya kwanza mzee aliketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akauliza:

«Mjukuu wangu, jua limetokaje leo?»

«Limetoka, Babu.»

«Nimekuuliza limetokaje.»

«Jua ni jua, Babu. Limetoka kama jana.»

Mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema: «Mimi nilikuwa na macho zaidi ya miaka 60, nami nilisema vivyo hivyo. Sasa nayatafuta majua yote niliyoyaacha yapite, wala siyapati. Basi niazime macho yako. Tazama, uniambie.»

Kijana aliona haya. Akatazama, maana hakuweza kumdanganya mzee wake. Akamwambia kwamba juu ya maji, upande wa Tanzania, pana mstari mwembamba wenye rangi ya kiini cha yai, na juu yake wingu refu kama majivu; tena mitumbwi ya wavuvi wa usiku yarudi, na taa zake zingali zinawaka ingawa kumekwisha kucha.

«Ni mingapi?»

«Saba, Babu.»

«Imezama sana ama yaelea juu?»

«Mitano imezama, maji karibu yafike ukingoni. Miwili yaelea.»

Mzee akacheka. «Basi leo kina mama wataanika ndagaa.»

Ikawa hivyo kila siku. Mwanzoni kijana alitazama kwa ajili ya babu yake tu. Lakini mtu hawezi kuyatafuta maneno ya kumweleza kipofu asipokitazama kitu kwa bidii. Ilimbidi ajue kwamba maji ya asubuhi si buluu, bali ni kama shaba iliyosuguliwa. Kwamba usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa zao haziwezi kushindana na mwezi, wala ndagaa hawazijii. Kwamba upepo wa kusini hubadili sauti ya mawimbi kabla ya kubadili rangi ya maji. Mwezi mmoja ulipopita, akagundua kwamba ameacha kulisikilizia lori.

Siku moja mzee alimtuma kwenye miamba, mahali maji yafikapo magotini, akamwambia akae kimya mpaka samaki wamsahau. Kijana akakaa. Akamwona samaki mmoja, si mkubwa kupita kiganja, na mbele yake kundi la watoto wadogo kama punje za ulezi. Kivuli cha ndege kikapita juu ya maji. Mara yule mama akafungua kinywa, na watoto wote wakaingia ndani mbio, akafunga. Kivuli kilipoondoka, akawatema mmoja mmoja. Kijana alirudi kwa babu yake akikimbia, na maneno yake yalikuwa yakipandana.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema: «Samaki huyo nimemvua maisha yangu yote. Kumtazama sikumtazama.»

Mfano huo waonyesha jambo la kwanza, yaani sababu ya upofu wa wenye macho. Kitu cha karibu hufunikwa na matumizi yake. Mwenye kutafuta kuni auonapo mti huona kuni; mvuvi amwonapo samaki huona mboga. Kitu cha mbali hakina matumizi wala deni, kwa hiyo chaonekana kizuri bila taabu. Ndiyo maana wazee walisema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mtu husifu mlima wenye theluji aliouona katika picha, naye huupa mgongo mlima wa nyumbani kwa sababu aliupanda jana akiwa na gunia la mihogo.

Hata hivyo, mambo yaliyo mlangoni si madogo. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake chafika karibu meta 1,470. Katika dunia nzima ni ziwa moja tu lililo na kina kulipita, yaani Baikal katika nchi ya Urusi. Lakini jambo la ajabu zaidi ni hili: katika vilindi vya chini kabisa maji hayana hewa, wala samaki hawawezi kuishi humo. Samaki wa ziwa huishi katika maji ya juu, na aina zilizo nyingi hukaa karibu na pwani, katika miamba na mchanga ambamo watoto huoga. Humo mna mamia ya aina za samaki, na wengi wao hawaonekani mahali pengine popote duniani. Wako wanaotunza watoto wao kinywani, kama yule aliyeonwa na kijana. Wako wadogo wanaokaa katika makoa matupu ya konokono, kila mmoja na koa lake, kama watu na nyumba zao. Yuko kuhe, samaki mkubwa. Baba na mama pamoja huwalinda watoto wao bila kuwaacha. Katika Ulaya na Marekani wako watu wanaowafuga samaki wa miamba ya Tanganyika katika masanduku ya kioo ndani ya nyumba zao. Jioni hukaa mbele yao na kuwatazama, na hata jina la Moba lajulikana kwao kwa ajili ya samaki hao. Mtu wa mbali hulipa fedha nyingi apate kuona kile ambacho mtu wa Moba hukipita akienda kunawa.

Nako juu ya ziwa ni vivyo hivyo. Katika miezi ya Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, miti ya miombo huchipua majani mekundu, na mlima mzima huonekana kama unawaka pasipo moshi. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi hutoka vichuguuni kwa maelfu. Watoto huwakamata kwa furaha, na hiyo ni haki yao, maana ni chakula kitamu. Lakini atazamaye atawaona wale waliosalia: huanguka chini, huacha mabawa yao, kisha dume na jike hufuatana wakitafuta mahali pa kuchimba. Kichuguu kikubwa, ambacho watu huchukua udongo wake kufyatua matofali, kilianza kwa wawili hao.

Sasa yajibiwe yale maneno matatu.

Kwanza, uvivu. Ni kweli kwamba yuko mtu aketiye kutwa nzima chini ya mti na kusema kwamba anatazama mawingu, huku mke wake analima peke yake. Mtu huyo ni mvivu, wala mawingu hayatamtetea. Lakini kutazama kwa kweli ni kazi. Mvivu hatazami, mvivu huelekeza macho tu. Mwaka 1588 padri mmoja Mreno wa shirika la Wadominiko, João dos Santos, alikuwa Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo. Ndege wadogo waliingia kanisani mwake wakadonoa nta ya mishumaa. Angaliweza kuwafukuza tu na kunung'unika. Yeye aliwaangalia, akaandika habari zao, kwamba ndege hao hula nta, na kwamba huwaongoza watu mpaka penye nyuki. Kitabu chake kilitoka mwaka 1609, na wataalamu wa siku hizi husadiki kwamba alisema kweli. Watu wa misitu ya miombo walilijua jambo hilo zamani sana, kwa sababu wao nao walitazama. Asali waliyoila ilitoka katika bidii ya macho yao.

Pili, hatari ya roho. Neno hili lastahili jibu zito, maana binadamu aweza kukipenda kiumbe hata akamsahau Muumba. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliijua hatari hiyo kwa maisha yake mwenyewe. Lakini yeye hakufundisha kwamba Mkristu afumbe macho. Alieleza jinsi alivyoiuliza nchi na bahari na vyote vilivyomo habari za Mungu, navyo vyote vikamjibu kwamba si Mungu, bali vimefanywa naye. Basi hatari haimo katika kuuliza, imo katika kuacha kusikiliza jibu. Bwana Yezu mwenyewe alipotaka kuwaondolea wanafunzi wake mahangaiko, hakuwapeleka mbali. Aliwaambia wawatazame ndege na maua ya kondeni, vitu ambavyo kila mmoja wao alivipita njiani. Naye Mtakatifu Fransisko wa Assisi, aliyefariki mwaka 1226, alitunga wimbo wake wa kumsifu Mungu kwa ajili ya jua, mwezi, maji na moto wakati alipokuwa karibu kipofu, na mwanga uliyaumiza macho yake. Hakusifu alichokuwa akikiona saa ile. Alisifu alichokuwa amekitazama zamani na kukiweka moyoni.

Tena yafaa kupambanua furaha na furaha. Iko furaha inayokwisha kwa kutumiwa: pombe ikinywewa na mmoja, mwenzake hapati, na kesho kichwa kinauma. Iko furaha isiyopungua kwa kugawanywa. Kijana alipompa babu yake jua la asubuhi, hakubaki na nusu ya jua. Alibaki nalo lote, na babu akapata lake. Furaha ambayo mtu aweza kuigawa bila kupunguza, na ambayo humfanya awe mpole kwa wenzake, ni vigumu kusema kwamba yatoka kwa adui wa roho.

Tatu, njaa. Hapo mfano una sehemu nyingine, nayo si tamu.

Baba mdogo wa kijana huyo alikuwa na watoto sita. Hakuwa na mtumbwi wala taa. Alikuwa na chandarua cha mbu, nacho alikikokota katika maji ya miamba, akapata samaki wadogo sana, wa kutosha sufuria moja. Kijana, akiwa bado amejaa habari za mama wa samaki, akamwambia kwa ukali kwamba anaua watoto wa ziwa. Baba mdogo akamjibu: «Wewe umekula kwa nani tangu uliporudi? Uzuri hautiwi chunguni.»

Kijana akakosa neno, kwani ilikuwa kweli. Alikuwa amekula katika sufuria ile ile. Usiku akamweleza babu yake, akitumaini kwamba mzee atamkaripia baba mdogo. Mzee akamkaripia yeye kwanza. «Umejifunza kuwatazama samaki, nawe hujamtazama baba yako. Hukuuona mgongo wake? Hukumwona mtoto wake wa mwisho, jinsi nywele zake zilivyogeuka rangi?» Kisha akamwita mwanawe, akasema naye taratibu: «Mwanangu, umesema kweli, uzuri hautiwi chunguni. Lakini samaki asiyekua naye hatiwi chunguni. Mimi nilivua pale pale, na wewe ulikua kwa samaki wa pale. Watoto wako nao watavua wapi?»

Baba mdogo hakujibu, na kesho yake aliingia tena majini na chandarua. Mzee hakumzuia, maana njaa haizuiwi kwa maneno. Lakini kijana alianza kwenda usiku na wenye mitumbwi, akivuta kamba kwa malipo ya ndagaa, na alfajiri alileta sehemu yake nyumbani mwa baba mdogo kabla ya kumwongoza babu. Siku nyingi zilipita. Ndipo asubuhi moja baba mdogo akamwuliza, bila kumtazama usoni: «Wale wenye watoto kinywani hukaa upande gani?» Akaonyeshwa, akapita upande mwingine.

Hilo ndilo jibu la neno la tatu. Furaha ya macho haimlishi mwenye njaa, na anayemhubiria mwenye njaa juu ya uzuri bila kumletea chakula ni mtu mwenye moyo mgumu. Lakini njaa nayo haitapona pale ambapo hakuna aliyetazama. Mtu hakilindi kitu asichokijua. Tarehe 24 Mei 2015 Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, aliandika barua kubwa juu ya kuitunza dunia kama nyumba ya watu wote, akalitaja humo hata bonde la Kongo. Barua hiyo haiwezi kulinda mwamba mmoja wa Moba, kama hakuna mtu wa Moba aliyechuchumaa penye mwamba huo na kuona kilichomo.

Hata hivyo asidanganyike mtu. Kufurahia nchi ya kwao si kusema uongo juu yake. Ziwa hilo hilo lina mamba, na maji yake yasipochemshwa huleta kipindupindu. Mvua inayowatoa kumbikumbi hubomoa njia, na mama mwenye uchungu wa uzazi akachelewa kufika hospitalini. Atazamaye vizuri huyaona na hayo, akatafuta dawa yake pamoja na wenzake. Wala si kosa kijana kuondoka kwao kwa ajili ya kazi. Kosa ni kuondoka kwa sababu ya dharau. Maana mwenye dharau huichukua safarini, na mji mpya ukizoeleka atauita nao shimo.

Lori lilikuja mwisho wa masika, na kijana alipata kazi Kalemie. Alisikitika kumwacha babu yake, lakini mzee mwenyewe alimwambia aende, asaidie nyumba. Usiku wa kuamkia safari alimketisha dada yake mdogo, mwenye miaka tisa, akamfundisha: mitumbwi ihesabiwe, mstari wa rangi juu ya maji usemwe, upepo utajwe unatoka wapi, na asidanganye hata kidogo, kwa kuwa Babu hujua.

Lori lilipoondoka kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Kutoka juu ya mzigo kijana aliwaona wawili chini pwani, mzee juu ya mtumbwi uliopinduliwa, na mtoto amesimama mbele yake akinyosha mkono kuelekea majini, akisema.

Maswali ya kujiuliza:

1. Ni kitu gani kilicho hatua mia kutoka nyumbani ambacho mkatekumeni hukipita kila siku bila kukitazama? Na aende wiki hii, akae kimya mbele yake, kisha amweleze mtu mwingine alichokiona.

2. Nyumbani ama kwa jirani, yuko mzee, mgonjwa au kipofu asiyeweza tena kutoka nje? Nani humwazima macho?

3. Mwenye kupenda miti, ndege na samaki, je, amemtazama vilevile ndugu yake mwenye njaa?